Mabakuli Meupe ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mfinyanzi, upande wa Micheweni, na ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Hapakuwa na jiko kijijini kwetu lisilokuwa na chungu chake. Kanzu niliyovaa chuoni nikisoma Kurani, na baadaye kaptura ya skuli, zilinunuliwa kwa fedha za vyungu vile. Naanza na hayo ili ijulikane ni nani niliyemtenda.

Nilikwenda Unguja kusomea ualimu, nikarejea Pemba kusomesha. Kiburi nilichorudi nacho kilikuwa kikubwa kuliko elimu yangu.

Siku moja nilimkuta shangazi ametoka bondeni na pakacha la udongo mweupe. Udongo ule ulikuwa na kazi zake tangu zamani. Kina mama waliupaka kutani sikukuu ikikaribia, wenye mimba waliumung'unya, na mtoto akiharisha alikorogewa kidogo katika maji. Lakini hakuna aliyeufinyangia chombo.

"Shangazi," nikamwambia, "unajua vile vikombe vya kauri vya Waarabu wa mashamba vinafanywa kwa kitu gani?"

"Kauri si hizi za pwani? Za kuchezea bao?"

"Hizo zimetoa jina tu, kwa weupe na mng'aro wake. Kikombe chenyewe ni udongo. Wachina wanatumia udongo mweupe, kama huu wako."

Akachukua kibonge, akakisaga baina ya vidole, akakitia ulimini. "Huu haushikani, baba. Ukiuvuta unakatika. Si udongo wa chombo huu."

"Wewe hujasoma, shangazi," nikamjibu.

Akainama, akaendelea kuchambua vijiwe.

Wiki ile jirani yetu mmoja alikuwa anamuoza binti yake. Bila ya kumuuliza shangazi, nikamwendea nikamwahidi mabakuli kumi ya mchuzi kwa ajili ya mkeka wa wazee. "Ya kauri," nikasema, "yamefanywa hapa hapa Pemba." Mzee wa watu akafurahi, akawatangazia wenziwe.

Nilipomweleza shangazi, alinigeukia. "Ushatoa ahadi?"

"Nshatoa."

"Basi ntafinyanga. Neno la mwalimu lisianguke chini."

Ilimbidi achanganye udongo wake mwekundu kidogo ili ule mweupe usimame. Alitengeneza ishirini. Alipoyachoma kwa kuni na makumbi ya nazi, tulisikia yakipasuka motoni moja moja, na kila mlio ukimshtua. Yalitoka mazima kumi na moja, ya rangi ya majivu, hayana mng'aro wowote.

"Hayalii," alisema, akiligonga moja kwa ukucha. "Chombo kilichoiva hulia."

Nikamwambia yatapendeza yakisuguliwa. Nikayabeba mwenyewe.

Siku ya harusi niliketi na wazee, karibu na shehe aliyefungisha ndoa. Wanawake walikuwa nyuma ya ua wa makuti, shangazi akiwa miongoni mwao. Wali ukaletwa, mchuzi wa moto ukamiminwa katika mabakuli, watu wakayasifu. Hatujafika nusu ya sinia, bakuli la shehe likaanza kutoa jasho. Alipolinyanyua, kitako kikabaki mkekani, na mchuzi wote ukamwagikia kanzu yake nyeupe. La pili likafuata, kisha la tatu.

Shehe alikuwa muungwana. "Haidhuru, haidhuru," akasema, akijifuta. Lakini mzee mmoja akacheka. "Bi mkubwa mkono umemwisha, ee? Ati mwalimu?"

Wote wakanigeukia. Neno moja tu lingetosha: kosa ni langu. Nami nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Amezeeka. Hata macho hayaoni vizuri sasa."

Kesho yake, baada ya kusomesha, nilifungua daftari langu la masomo. Habari za kauri zilikuwapo, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ukurasa wa pili ulieleza kuwa ule udongo huchanganywa na mawe yaliyosagwa, na huchomwa katika tanuri lenye moto mkali mno, usiopatikana kwa makumbi uani. Mimi nilikariri ukurasa wa kwanza tu. Nikalifunga daftari, nisimwambie mtu.

Watu wakaacha kuagiza vyungu kwake. Alifinyanga vichache vya nyumbani, kisha akaacha kabisa, akawa anasuka mikeka. Kila nikimtembelea alinipikia, akaniuliza habari za wanafunzi wangu. Miaka ikapita hivyo. Ningefarijika kama angenitukana.

Nilipopata ujasiri wa kumwambia, alikuwa hajiwezi tena, yuko kitandani.

"Shangazi, siku ile ya harusi..."

"Nilikusikia," akasema. "Sauti yako naijua tangu unalia mgongoni mwangu."

Nikamwambia nitakwenda kwa yule jirani nikaeleze ukweli. Akanikataza, mimi nikenda. Mzee alinikaribisha kahawa katika kikombe cha bati, akanisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso akijaribu kukumbuka.

"Mabakuli gani, mwalimu?" akaniuliza.

Nikamweleza upya, toka mwanzo. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, kama mtu anayepewa salamu za asiyemjua.