Mstari wa Sitini na Tatu

Katika mji wetu wa Goiás, Brazili, uliozungukwa na mashamba ya miwa, watu hawakuiamini petroli. Walimwamini Iracilda, mhudumu wa pampu. Petroli yetu huchanganywa na pombe ya miwa kwa kiwango cha sheria, na mteja ana haki ya kudai ipimwe mbele yake. Akidai, Iracilda huleta silinda ya kioo, akatia mililita hamsini za petroli na hamsini za maji ya chumvi, kisha akaigeuzageuza kama anayebembeleza mtoto. Pombe huikimbia petroli na kujiunga na maji, na maji huongezeka. Mstari wao ukitulia kwenye sitini na tatu, petroli ni halali. Kwake haukuwahi kuvuka hapo.

Jumamosi moja Valdivino, dereva wa teksi ya pikipiki, ambaye mwanawe alisimamiwa ubatizo na Iracilda, alifika akiisukuma pikipiki yake.

"Mzazi mwenzangu, umeninyweshea mashine pombe!" alifoka. "Inakohoa kama mlevi!"

"Imeambukizwa na mwenyewe," Iracilda alimjibu. Foleni nzima tukacheka.

Akageuka kwenda ofisini kuchukua dumu la kupimia. Bosi Osmarino hulijaza mwenyewe, ati petroli ya humo haina vumbi.

"Dumu la nini? Pima ya mpira huu wa pampu ulionijazia jana."

"Si ni kitu kimoja, wewe!"

Akachota ya mpira, akaichanganya, akaiweka silinda juu ya pampu, akaendelea kutafuna mkate wake wa jibini.

Mstari ulitulia kwenye sabini na nane.

Taya lake likasimama. Akamwaga, akaosha silinda, akapima tena. Sabini na nane. Akalikimbilia dumu, akapima ya humo. Sitini na tatu, pale pale pa siku zote.

"Mama yangu!" alisema polepole. "Kumbe nilikuwa napima dumu."

Hakuna aliyecheka. Bosi Osmarino alitoka mbio, akamshika mkono. "Dada Ira, nyamaza. Tutaongea ndani."

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bi Euridice, mwalimu mstaafu, ndani ya gari lake kuukuu. Hakumtazama bosi wala silinda.

"Ira, mwanangu, niweke au nisiweke?"

Iracilda aliuchomoa mkono wake.

"Usiweke, mwalimu. Na niliyokuwekea juzi, nenda kaimwage."