Goli la Bibi

Leo sokoni Kashaulili mama mmoja amenifungia karanga za moto kwenye gazeti, na harufu yake ikanirudisha uwanjani, jioni ile baba alipotupeleka ukoo mzima kutazama timu yetu ya ligi kuu. Vumbi lilikuwa la kupakua kwa mwiko. Bibi alikuja kwa bodaboda kutoka Mwese, macho yake hafifu, na mpira aliujua kwa redio tu.

"Mbona hawatangazi?" akauliza.

"Bibi, uwanjani hakuna mtangazaji."

"Basi tangaza wewe. Sikuteseka na barabara ile nije kukaa kimya. Nataka goli moja tu."

Nikatangaza mpaka koo likawaka pilipili. Dakika ya mwisho shuti letu likagonga mwamba, kishindo wakakisikia hadi kule Litapunga, mpira ukatoka nje. Nikamwangalia Bibi. Mikono yake ilishakuwa hewani.

"Gooooli!" nikatangaza.

Akapiga vigelegele, akakumbatia hata wasiomjua. Jirani akageuka: "Goli gani, nyie?"

Baba akamkazia macho. "La mama yangu."

Uwanja mzima ulirudi nyumbani na sare ya bila kufungana. Sisi peke yetu tulirudi na ushindi.