Njia Ambayo Sikuihifadhi

Ijumaa ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Nilikuwa fundi wa mitandao hapa Muleba, kijana mwenye maringo kweli kweli. Hospitali moja iliniita niunganishe kompyuta ya wodi ya wazazi na ile ya benki ya damu, jengo la pili, ili wauguzi waombe damu bila kukimbia na karatasi.

Nikavuta waya, nikaipa kompyuta anwani yake. Kwa kuwa benki ya damu ilikuwa kwenye mtandao mwingine, nikaandika amri ya kuionyesha njia ya kupitia. Nikajaribu kutuma ombi, likafika! Ila amri ile hudumu mpaka mashine izimwe tu. Ili ibaki, lazima uihifadhi kwenye mipangilio. Nilijua. Lakini kijijini Izigo kulikuwa na harusi ya binamu yangu, na gari lilikuwa linanipigia honi. Nikasema moyoni, nitamalizia Jumatatu. Ma Koku, muuguzi mkuu, akaniuliza, "Waitu, ndugu yetu, umemaliza kweli?"

"Mama, wewe kaa kwa amani," nikamjibu, huyo nikaondoka.

Jumamosi umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta ikawaka, njia haipo. Mama mmoja wa Ngenge akatokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Wakatuma ombi, wakasubiri, wakatuma tena. Walipoamua kukimbia kwa miguu, muda ulikuwa umekwisha. Alikufa, mwanangu. Mimi nilikuwa harusini nacheza.

Jumatatu nikairudisha njia, nikaihifadhi. Ma Koku alisimama nyuma yangu. "Izime," akasema. "Iwashe. Haya, jaribu." Ombi likafika. Akaitazama saa yake. "Dakika tatu. Ungenipa hizo Ijumaa."

Nikaenda msibani Ngenge. Mume wa marehemu akanipa kahawa ya kutafuna, kama mgeni wa heshima, akanishukuru kwa kuja. Nikatafuna, nikanyamaza. Jamani, nilinyamaza! Miaka ikapita, naye akafariki bila kusikia neno kutoka kwangu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Basi, mwanangu, ukiwaunganishia watu mtandao, hifadhi, zima, washa, jaribu, ndipo uondoke. Harusi itakungoja. Na ukikosea, nenda ukaseme wakati mwenye haki ya kuambiwa yu hai. Mungu akupe mikono isiyo na haraka, na akupe ujasiri wa kusema "ni mimi", ambao mimi sikuwa nao.