Wimbo Usioimbwa na Mtu Mmoja

Mumina hakuwa mtu wa kunyamaza. Kwenye duka la Balwinder pale Stechford, Uingereza, alinunua kitunguu kimoja na kuacha habari za wiki nzima. Lakini lugha yake ya nyumbani, Kinubi cha Kibera, ilikuwa imelala miaka na miaka kwa kukosa wa kuzungumza naye. Mumewe, Mahamud, alikuwa Msomali wa Eastleigh. Watoto walisikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Kinubi alibaki nacho yeye na Mola wake.

Mwaka 2018 binamu yake Saido alipiga simu kutoka Kibera. Wanubi walikuwa wamepewa hati ya ardhi yao mwaka uliotangulia, na sasa kina Saido walikuwa wamepata chumba cha kufanya makumbusho. Walishakusanya picha za mababu waliotoka Sudan wakiwa askari, kawa za kusuka za kufunikia chakula, nguo za harusi.

“Vitu tunavyo, dada,” Saido alisema. “Sauti ndiyo hatuna. Ule wimbo wa mama yako wa kumpokea bibi harusi, nani ataimba? Siku hizi harusi ni DJ tu.”

Mama yake Mumina ndiye aliyekuwa akiongoza doluka, ngoma ya wanawake, na Mumina alikulia katikati ya waitikiaji, akibanwa na mabega ya watu wazima. Mama alipofariki, Mumina hakuweza kwenda kumzika. Sasa Mahamud alikuwa amepooza upande mmoja, hakuwa wa kuachwa peke yake hata siku moja. Mumina alitamani sana kwenda. Basi, kama mwili hauendi, sauti iende.

Taabu ni kwamba doluka haiimbwi na mtu mmoja. Kiongozi huita, wenzake huitika. Asiye na wa kumwitikia ni kama anajisemea mwenyewe njiani. Mumina akamwita jirani yake Rosalie, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, nyota wa kwaya ya kanisa lake. Akapindua beseni, akapiga, akaita. Rosalie akaitika kwa sauti nyororo, ikapanda, ikapanda tena, ikakaa hukohuko juu.

“Rosalie, hii ni harusi, si mazishi!”

“Yaya,” Rosalie akasema, akimwita dada kwa Kiswahili cha kwao, “unacheka nini? Sisi kwa kanisa tunaimbaka vile!”

Wakacheka mpaka Mahamud akagonga kiti akitaka kujua kulikoni. Lakini Rosalie alipoondoka, Mumina alilia. Mji mkubwa namna hii, watu wa kila taifa, na hapana hata mmoja wa kumwitikia.

Akapangusa machozi, akawasha simu irekodi, akaimba peke yake. Kila ilipofika zamu ya wenzake alinyamaza, akitikisa kichwa kushika mdundo, kisha akaita tena. Hakukusudia. Ndivyo ulivyomkaa wimbo. Usiku huohuo akamtumia Saido.

Kesho yake Saido akapiga. “Dada, fundi wa sauti anasema recording yako iko na ma-gap. Anataka kuyakata ndio wimbo ushikane.”

“Asithubutu! Hapo ni pa kuitikia.”

“Aitikie nani, dada?” Saido akauliza. “ Mama zetu wameisha. Hawa waliobaki, sijui kama wanakumbuka.”

“Acheni hivyohivyo.”

Aliyasema kwa ukali, maana ukali anao wa kutosha, lakini aliogopa. Vipi kama sauti yake itaita mbele ya kadamnasi ya kwao, na kwao hapana mtu?

Siku ya ufunguzi wa makumbusho Saido alimpigia kwa video, akainua simu yake juu ya vichwa vya watu. Mumina alikuwa jikoni kwake, Mahamud kando yake. Akaona kofia, mitandio, picha za askari ukutani. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikiita.

Ikanyamaza. Watu wakatazamana. Ikaita tena, ikanyamaza tena, mtu akakohoa. Mumina akanyoosha kidole azime simu asijionee aibu.

Ilipoita mara nyingine, bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akaitika kwa sauti ya kukwaruza. Akafika nusu ya mstari, akasahau. Bibi mwingine nyuma yake akaumalizia. Zamu iliyofuata wakaitika wengi, wengine wakibahatisha, vigelegele vikapigwa, Saido naye akaimba hadi picha ikatikisika.

“Nani anaongoza huyo?” Mahamud akauliza. “Anaimba vizuri.”

“Ni mimi.”

“Mbona uko hapa?”

Kule Kibera sauti yake ikaita tena. Mumina akavuta pumzi na kuitika pamoja na wenzake, kwa nguvu, pale jikoni. Hakuwa ameitikia wimbo ule tangu siku za mama yake.