Chungu na Kijiti Chake

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya manyoya na onyo. Mhifadhi Mkuu wa wakati huo, mzee mrefu aliyevaa koti la kijivu hata jua likiwa kali, alinisimamisha katikati ya chumba cha maonyesho akaniambia, "Binti, humu ndani hakuna kitu chako wala kitu changu. Kila kitu hubebwa kwa mikono miwili. Na kabla hujakinyanyua, ujue utakiweka wapi." Nilikuwa nimeishia darasa la saba na kujisomea kwa njia ya posta. Nilidhani makumbusho ni mahali pa kufuta vumbi.

Nyumba yetu ya makumbusho ilikuwa ya mawe, yenye vyumba vinne, si mbali na Ngarenaro. Asubuhi za mwezi wa sita ungeweza kuuona Mlima Meru wote kupitia dirisha la stoo, na adhuhuri ukawa umeshajifunika mawingu. Tulikuwa na mizinga ya nyuki, ngao, vyombo vya mbege, ile pombe ya ndizi, mashine ya mkono ya kumenyea kahawa na picha za walimu wa kwanza wa dini. Wageni walikuwa wachache: wanafunzi, wachungaji, na siku nyingine mtu aliyekimbia mvua.

Nilianza na usafi, nikapelekwa stoo, kisha nikawa mtunza vitu. Huyo ndiye anayehakikisha kwamba kilichodumu miaka mia hakifi mikononi mwetu. Adui zake ni unyevu, mwanga na wadudu. Mhifadhi Mkuu alinituma Olmotonyi kwa watu wa misitu nikajifunza kumtambua mdudu anayetoboa mbao kwa unga anaouacha chini, maana unga mpya huwa mweupe na wa zamani huwa umeingia rangi ya vumbi. Niliporudi nilipiga marufuku majani mabichi, chakula na maji katika chumba chochote chenye vitu. Nilijifunza pia namba ya usajili, ile inayoandikwa kwa wino mdogo chini ya kila kitu. Kitu chenye sehemu mbili hupewa namba moja na herufi mbili, na kanuni husema sehemu hizo zisitenganishwe kamwe. Kinu hukaa na mchi wake, upinde na mshale wake. Ninyi mnaoanza kazi hii, ikumbukeni kanuni hiyo, nitairudia.

Chungu kilikuja nikiwa bado stoo. Kililetwa na Mzee Anaeli, mkulima wa kahawa na migomba kutoka mteremko wa upande wa Wameru, mzee wa kanisa mwenye sauti ya chini. Alikibeba amekifunga kwa blanketi, na kijiti chake amekitia mfukoni mwa koti. Kilikuwa chungu cha laana cha ukoo wake. Zamani mtu aliyeibiwa au kudhulumiwa, akikosa haki kote, alikwenda kwa wenye chungu. Kiligongwa kwa kijiti huku jina la mkosaji likitajwa, na huyo pamoja na uzao wake waliisha mmoja mmoja mpaka aje kuungama.

"Kwa nini hamkukivunja?" Mhifadhi Mkuu alimuuliza.

"Nani akivunje?" Mzee Anaeli akajibu. "Tumebatizwa wote nyumbani. Kukiweka tunaogopa, kukivunja tunaogopa zaidi. Ninyi mna kabati la kioo na kufuli. Kiangalieni tu. Msikigonge."

Mhifadhi Mkuu alimpa mkono, na neno lake lilishikwa mpaka alipostaafu.

Aliyemfuata aliitwa Meneja. Huo ulikuwa wakati wa soko huria. Viwanda vilivyokuwa vya umma viliuzwa au kufungwa, na kila familia mjini ilikuwa na mtu aliyerudi nyumbani na barua ya kupunguzwa. Tuliambiwa makumbusho yajiendeshe yenyewe, la sivyo jengo lipewe mtu mwenye mtaji. Tulikuwa sita. Kila gari lililosimama mlangoni tulilichungulia kwanza: ni wageni, au ni watu wa kupima jengo? Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu aliyepewa wengine wenye hofu awaongoze.

Mwongoza wageni wetu alikuwa Nikodemo, Mchaga wa Machame aliyeishi Kimandolu, mcheshi, mwimbaji wa kwaya. Asubuhi moja lilikuja kundi la wazungu waliokuwa njiani kwenda mbugani, na Meneja akajiunga nalo. Walipofika kwenye chungu alifungua kabati mwenyewe.

"Nikodemo, waonyeshe kinavyogongwa."

"Bosi, hiki hakigongwi."

"Wageni wamelipa kuona vyungu? Vyungu wanavyo kwao. Gonga."

"Bosi, mwenyewe alisema…"

"Chungu ni udongo. Wewe si mwanakwaya?"

"Ndiyo, sauti ya nne."

"Basi sauti ya nne isiogope udongo."

Nilikuwa mlangoni na brashi yangu. Nikodemo alinitazama, akakichukua kijiti, akagonga mara moja. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Wageni walipiga makofi. Baadaye Nikodemo alinifuata stoo akitabasamu, jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Nimewakwepa, dada. Nimegonga bila kutaja jina. Bila jina ni kelele tu."

Na mimi nilidhani hivyo.

Habari za mjini hupanda mlimani na akina mama wanaorudi sokoni. Wiki iliyofuata Mzee Anaeli aliingia kabla hatujafungua vizuri. Tulimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia bila kututazama. Alisimama mbele ya kabati muda mrefu.

"Nani aligonga?"

"Ni mimi, babu," Nikodemo akasema.

"Ulimtaja nani?"

"Sikumtaja mtu. Nilijihadhari."

Mzee alivua kofia yake. "Heri ungemtaja mtu. Mwenye jina angekuja tukazungumza naye. Wewe umemtoa mjumbe wa chungu nje bila kumwambia anakwenda nyumba ipi. Sasa atabisha hodi popote. Ataanza kwa aliye karibu na aliyemtuma."

Nikodemo alicheka. Nilimsikia akicheka, na nilisikia kicheko kilipokatikia.

Siku ileile tuliambiwa kwamba orodha ya watakaopunguzwa inaandaliwa. Mlinzi akaanguka kwenye ngazi na kuvunjika mkono. Mambo kama hayo hutokea kila mahali, lakini sasa kila moja lilikuwa na mlango lilikotokea. Meneja mwenyewe aliacha kupita chumba cha chungu. Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya chumba hicho, na hata mvua ikinyesha alizunguka nje, akaingia kwa mlango wa nyuma akiwa na matope viatuni. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Nikodemo alikonda. Aliacha utani, akawa anawasimulia wageni habari akiwa amekipa chungu mgongo. Kisha siku moja mkewe, Mama Upendo, alinijia kazini, kanga imefungwa kiunoni kwa ugomvi.

"Dada, niambie tu huyo mwanamke ni nani."

"Mwanamke gani?"

"Mume wangu halali nyumbani. Analala Ngarenaro kwenye karakana ya kaka yake ya kuchomelea mageti, sakafuni. Analeta matumizi, anayaweka dirishani, anaondoka. Watoto wakimkimbilia anawakimbia. Mwanaume mzima ananuka kama geti jipya! Kama si mwanamke ni nini?"

Nilimkalisha nikamweleza. Mumewe alikuwa ameambiwa kwamba mjumbe ataanza na walio karibu, naye akaamua asiwe karibu na mtu yeyote anayempenda. Mama Upendo alifungua kanga, akaifunga tena taratibu.

"Bora ingekuwa mwanamke," akasema.

Jumamosi nilipanda kwa Mzee Anaeli. Nilimkuta akipogoa kahawa. Nilimwambia kwamba yule kijana anakwisha, na kwamba watoto watatu wana baba anayewakimbia. Aliendelea kukata matawi.

"Kupoza laana kunawezekana," akasema. "Nahitaji maziwa mabichi, jani la isale, na yeye awepo. Kileteni hapa."

"Babu, kitu hakitoki jengoni. Hiyo ni sheria."

"Basi nitakuja mimi."

Isale ni mmea wa mpakani mwa mashamba. Kwetu mtu akikuletea jani lake amekuja kuomba radhi, na si rahisi kumkatalia. Mimi niliyepiga marufuku jani bichi na tone la maji nilikwenda kwa Meneja kuomba ruhusa ya jani na maziwa.

"Mama, unataka waseme nimefungua kilinge cha uganga?" alifoka. "Orodha ikija, jina langu liwe la kwanza?" Kisha akatazama mlango wa chumba cha chungu, ambao ulikuwa umefungwa. "Siku ya wenyeji nina mkutano mjini," akasema kwa sauti nyingine. "Asubuhi yote sitakuwepo."

Siku ya wenyeji watu wa mkoani waliingia bure. Mzee Anaeli alikuja na wazee wawili wa ukoo, wote kwa makoti ya kanisani, na maziwa katika kibuyu. Mlinzi, mkono ukiwa umefungwa, aliwaomba wasaini kitabu cha wageni.

"Mgeni ni nani hapa?" mmoja akamuuliza. "Chungu cha babu yangu kimo ndani, na mimi nisaini?"

Walisaini hata hivyo, kwa mwandiko mzuri.

Nilitandika nailoni chini ya chungu na kitambaa cha pamba juu yake, nikasimama kando na kitambaa kingine, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nikodemo aliletwa na mkewe, amemshika mkono kama mtu anayempeleka mtoto sindano.

"Mjumbe yuko njiani hajui aendako," Mzee Anaeli akamwambia. "Haitwi kurudi mpaka afike. Lazima utaje jina, na mwenye jina awepo hapa, ampokee na kumgeuza. Taja."

"Nimtaje nani, babu?"

"Nitaje mimi."

Wale wazee wawili waligeuka kumtazama. Nilijua kwa nyuso zao kwamba hawakuwa wameambiwa.

"Siwezi," Nikodemo akasema. "Mzee, siwezi, hujanikosea."

"Kilitoka kwangu. Nilikileta hapa nikidhani kufuli ni ulinzi. Taja, mwanangu, maziwa yanaganda."

Nikodemo alilia kwanza. Kisha akatwaa kijiti, akagonga, akalitaja jina lote la yule mzee, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti ile ya nne iliyojaza chumba. Mzee Anaeli akaitika, "Nipo. Umefika. Rudi." Alimimina maziwa kidogo juu ya ukingo, akapitisha jani la isale kuzunguka chungu, akalitia ndani. Niliyafuta maziwa kabla hayajapenya udongo. Vidole vyangu vilikuwa baridi kana kwamba nilikuwa nimefuta barafu. Jani sikuligusa.

Jioni ile Nikodemo alirudi Kimandolu. Mama Upendo aliniambia watoto walimlalia miguuni mpaka miguu ikafa ganzi, naye hakuthubutu kuisogeza.

Mzee Anaeli alifariki kabla ya mvua za vuli. Alikuwa mzee sana. Tuliambiana hivyo msibani, wale wazee wawili na mimi, na Meneja aliyekaa nyuma kabisa. Alikuwa mzee sana, tulisema. Tulisema mara nyingi mno. Nikodemo alibeba jeneza bila kukubali kupokezana, na baada ya mazishi alipanda isale kichwani mwa kaburi. Kila mwaka alikwenda kulipalilia.

Orodha ilipokuja ilimchukua Meneja na wawili wengine. Sisi tuliobaki tulisogezwa huku na kule chini ya wakubwa wengine wanne, na makumbusho hayakuuzwa. Mimi nilikitenga kijiti na chungu. Nilikiweka stoo, droo ya chini, nyuma ya vyombo vya kahawa, kinyume cha kanuni niliyowafundisha wengine. Kila mkubwa mpya nilimwambia kwa mdomo nilichofanya na kwa nini. Wanne wote walisema jambo moja: "Kiache hukohuko."

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na mnajua kemia ya udongo kuliko nilivyowahi kujua. Mkiniuliza kama chungu kile kilikuwa na nguvu, nitawaambia kwamba nilikaa nacho miaka mingi na sijui. Ninachojua ni kwamba tulikipokea kwa ahadi, na ahadi nayo ni sehemu ya kitu, ingawa haina mahali pa kuandikiwa namba.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, niliingia pale kama mgeni. Taa ni mpya, kuta nyeupe. Chungu kimepewa meza ya peke yake, hakina kioo, na kando yake kilikuwa kijiti. Mhifadhi wa sasa amepanga upya stoo, akaona namba moja yenye herufi mbili zilizoachana, akaziunganisha. Hakukosea. Ndivyo kanuni isemavyo, na ndivyo ningemfundisha.

Kulikuwa na kundi la vijana wenye simu, na mwongoza wageni ambaye sikumjua, mchangamfu kama Nikodemo wa zamani.

"Gonga basi tuchukue video!" mmoja akasema.

"Nani ananipa jina?" yule mwongoza wageni akauliza, akacheka, akakiinua kijiti. Vijana walitazamana, wakacheka nao, wala hakuna aliyetoa jina. "Basi nagonga bila jina."

"Weka chini," nikasema. Sauti yangu sikuitambua.

Aligeuka. "Shikamoo, bibi. Unaogopa?"

"Marahaba. Ndiyo, naogopa."

Mwongoza wageni alikitazama kijiti mkononi mwake, akaitazama meza pale kilipokuwa kando ya chungu, hakukirudisha. Akaangaza huku na huku kutafuta mahali pa kukiweka, asipaone.

Nikasogea, nikamnyooshea mikono yangu yote miwili.