Msalaba wa Matete

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Muairishi katika nyumba ya Wapemba. Jana, hapa Edmonton, nilikwenda darasa la kusuka misalaba ya matete ya kwao, na harufu ya matete mabichi ikanikosesha utulivu.

Utotoni nilimwona akitundika mmoja juu ya mlango wetu, uilinde nyumba.

“Mama, hapa tushaweka Ayatul Kursi,” baba alimwambia.

“Basi huu utaishikia zamu, mwanangu,” bibi alijibu, kwa Kiswahili alichojifunzia jikoni kwetu.

Baba alicheka. Asubuhi tulikuta msumari mtupu. Bibi hakusuka tena, nami sikuwahi kujifunza kwake.

Baba yu hai. Kila Ijumaa tunakula pamoja, na bado sijamuuliza kama ni yeye aliyeutoa.