Mbuzi wa Shangazi Walioitwa kwa Simu

Wilaya aliyokuwa akiishi shangazi yangu ni uwanda mtupu wa changarawe, na migunga michache imesimama mbalimbali. Ukitoka Maskati unaendesha gari mpaka redio inakatika, kisha unaendesha tena. Baladiya, yaani ofisi ya manispaa, ni jengo moja lenye bendera na mlinzi anayefurahi kweli kukuona. Mifugo ni mingi kuliko watu, na kwa jirani unakwenda kwa gari. Mimi sikupapenda, sisemi uongo. Vumbi, nzi, na wali wenye mchanga.

Shangazi alipapenda. Alizaliwa bara, upande wa Tabora, kwenye ng'ombe. Familia ilipohamia Oman akaolewa na mfugaji wa uwandani, sisi wengine tukajazana mjini. Mumewe alipofariki alibaki na mbuzi wake, na aliwaita kwa Kiswahili. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi akapaza sauti, "Haya mama, njooni! Njooni nyumbani!" na mbuzi wa Kiarabu wakaja mbio. Jirani yake, Mwarabu mfugaji mwenzake, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Kisha akaanguka zizini, akalala chini mpaka jirani alipomkuta. Kaka yangu akasema basi, imetosha, chumba kipo kwetu mjini, Mabela, kina ubaridi wa eisii na choo chake. Shangazi akamtazama.

"Huku nna mbuzi wananihitaji. Huko kwenu nani ananihitaji?"

"Sisi, Shangazi!"

"Nyinyi mnanipenda. Mimi nimeuliza jengine."

Kaka akaenda kupakia magodoro. Mbuzi wakaachiwa jirani.

Kosa letu lilijulikana jioni ya kwanza. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba wale wanyama hawajapata kuitwa kwa Kiarabu. Jirani alipiga simu, hasira zimempanda: mbuzi wako kule kwenye migunga, anawaita mpaka koo limekauka, wao wanamtazama tu. Shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Akamwambia aunganishe simu na spika za gari lake na afungue milango, kisha akasimama kwenye roshani yetu akaita. Majirani wa Mabela wakafungua madirisha. Mimi niliona haya, lakini mbuzi walikuja.

Ikawa ndiyo kazi yake. Baada ya swala ya alasiri alivaa kanga safi, akakaa na simu mapajani akingoja jirani apige. Tukitaka kumpeleka pwani ya Azaiba akapunge upepo, anatuuliza, "Na mbuzi je?" Alikula vizuri, alitugombeza, aliongeza chumvi kwenye mchuzi wa watu bila kuuliza. Kaka akajisifu kwamba alijua tu mji utamfaa. Nyoo!

Siku moja simu haikulia. Kesho yake pia kimya. Akaniambia nimpigie jirani mimi, yeye hataki kuonekana anajipendekeza. Nikaweka spika. Jirani akatusalimia, akatuomba tusubiri kidogo, kisha tukamsikia akipaza sauti: "Haya mama, njooni! Njooni nyumbani!" Matamshi yake mabovu, ila namna ya kupandisha na kushusha ilikuwa ya shangazi kabisa. Kwato zikasikika, na vilio vya vitoto. Akarudi kwenye simu na furaha tele. Wamemzoea sasa, akasema, hatamsumbua tena mama yetu.

"Alhamdulillahi," shangazi akasema, akamwombea dua ndefu, akanirudishia simu. Akatazama mikono yake. Kisha akaniuliza jikoni kuna kazi gani.

Sisi tuna msichana wa kazi. Vitunguu vilikwisha menywa, vyombo vilikwisha oshwa. Nikamwambia lile tunalowaambia wazee wetu wote, tena kwa mapenzi.

"Hakuna, Shangazi. Wewe pumzika tu."